Kitenge cha wax: rola za Mzungu, jina la mama wa sokoni

Kila mtu maarufu akivaa kitenge kwenye hafla kubwa ya ughaibuni, mtandaoni unaibuka ubishi uleule. Wa kwanza wanashangilia vazi letu la asili. Wa pili wanaingia na habari ya kuharibu sherehe: hicho si cha Kiafrika, ni cha Waholanzi, na Waholanzi wenyewe waliiga kwa Wajava. Kila upande una nusu ya ukweli, ndiyo maana ubishi hauishi.

Nadhani tunapotea kwenye swali lenyewe. Kitambaa kilitoka wapi, hilo linajibika kwa aya chache. Penye utata ni kwingine: nani alikuwa anaamua mchoro upi uendelee kuchapwa na upi ufe, na nani aliondoka na fedha. Watu wengi huchukulia kwamba hao ni walewale. Sivyo.

Tuanze kwa kutenganisha vitambaa, maana kwetu neno kitenge limebebeshwa mizigo mingi. Kanga tunaijua: doti, pindo linalozunguka, mji katikati, na jina lililoandikwa chini. Kitenge hakina pindo wala jina. Mchoro unajirudia kuanzia mwanzo wa kitambaa hadi mwisho, kitambaa kina uzito kidogo, nacho mara nyingi kinaenda kwa fundi badala ya kufungwa kiunoni. Ndani ya hivyo vitenge kuna vya aina mbili. Vingi vinavyouzwa Kariakoo na Eastleigh vimechapwa rangi upande mmoja tu. Vichache ndivyo vya wax, yaani nta, kwa maana yenyewe, na hivyo ndivyo vyenye historia tunayoizungumzia hapa.

Muuzaji atakuapia kwamba zote ni orijino. Usibishane naye, omba akifungue kitambaa kisha kigeuze. Kitenge cha kawaida ndani kimepauka, unaona kivuli tu cha mchoro wa nje. Cha wax kimekolea pande zote mbili, hata fundi akikosea akashona nje ndani hakuna atakayegundua. Sogeza jicho karibu zaidi. Utaona mistari myembamba ya buluu inayokatiza kwenye maua na duara bila mpangilio, mithili ya mishipa, na vidoa vidogo vyeupe kama mapovu ya sabuni. Fuata ua moja mpaka linapojirudia: mishipa haifanani. Na ile rangi ya pili, ya njano au nyekundu, imepita mstari wake kidogo, haikukaa sawasawa ndani ya ua. Mwishoni soma ukingo. Mzigo wa Uholanzi huandikwa jina la kiwanda na neno linaloapa kwamba ni wax halisi. Maandishi ndiyo ya kuamini kwa mashaka zaidi, kwa sababu ndiyo rahisi kughushi.

Mishipa ile inatokana na namna kitambaa kinavyotengenezwa. Pamba nyeupe hupitishwa kati ya rola mbili za shaba zilizochongwa mchoro, na rola hizo huchapa utomvu wa moto juu na chini kwa mkupuo mmoja. Ndiyo, ni utomvu wa miti. Nta imebaki kwenye jina tu. Utomvu ukishakauka, kitambaa hufinyangwa ili upasuke, halafu kinazamishwa kwenye nili. Palipofunikwa na utomvu pamba inabaki nyeupe, na palipopasuka nili inapenya na kuacha ule mshipa. Kisha utomvu huoshwa, lakini vipande vidogo huachwa kwa makusudi vishikilie, na hivyo ndivyo vinavyozaa yale mapovu. Rangi nyingine hupigwa juu baadaye, zamani kwa vibao vya mkono.

Teknolojia hiyo haikubuniwa kwa ajili yetu. Ilibuniwa ili kuwapiku wanawake wa Java, kisiwa kilichokuwa chini ya Uholanzi na sasa ni sehemu ya Indonesia. Huko batiki ilichorwa kwa kijiko kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba, nta ikidondoshwa mstari kwa mstari, na kitambaa kimoja kizuri kingeweza kuchukua miezi. Wenye viwanda Uholanzi wakapiga hesabu: tukichapa kwa mashine tutawauzia Wajava batiki yao wenyewe kwa bei ya chini. Mwaka 1846 Pieter Fentener van Vlissingen alianzisha kiwanda mjini Helmond, ambacho leo kinaitwa Vlisco. Huko Haarlem, familia ya Prévinaire ilitengeneza mashine ya kuchapa utomvu pande zote mbili katika miaka ya 1850.

Hesabu haikutoka. Kwa Mjava aliyezoea kazi ya mkono, mishipa ile ilikuwa alama ya fundi mbovu. Isitoshe, mafundi wa Java nao hawakukaa wakitazama. Walianza kutumia mihuri ya shaba kugonga nta badala ya kuichora, bei yao ikashuka. Waholanzi wakabaki na mashine nzuri na mzigo usio na mnunuzi.

Hapa ndipo huingizwa hadithi ya askari. Kati ya mwaka 1831 na 1872 Uholanzi iliajiri karibu wanaume 3,000 kupitia ngome yake ya Elmina, katika Ghana ya leo, wakapigane kwenye jeshi lake la huko Mashariki. Waliitwa Belanda Hitam, Waholanzi weusi. Waliorejea walipewa makazi Elmina kwenye kilima ambacho mpaka leo kinaitwa Kilima cha Java, na inasemwa kwamba masanduku yao ya batiki ndiyo yaliyowaonjesha watu wa pwani kitambaa hicho. Hadithi tamu, na sehemu yake ni kweli. Ila askari elfu chache, wengi wao hawakurudi, hawawezi kueleza soko lililotapakaa kutoka Ghana hadi Nigeria. Watu wa Afrika Magharibi hawakuwa wakisubiri kufundishwa nguo. Kano walikuwa wakitia nili kwenye mashimo yao kwa karne nyingi, Wayoruba walikuwa na ufundi wao wa kufunga kitambaa ili rangi isipenye, na pamba za India zilikuwa zimeshauzwa pwani hiyo tangu enzi za biashara ya watumwa. Macho yalikuwa yameshazoea buluu yenye dosari zenye uhai. Kilichokuwa kasoro Java, kwao kilikuwa ndiyo uzuri wenyewe.

Aliyelitambua hilo kibiashara alikuwa Mskoti, Ebenezer Brown Fleming. Katika miaka ya 1890 alianza kupeleka Pwani ya Dhahabu, ndiyo Ghana ya leo, vitambaa vilivyochapwa Haarlem, na hakupeleka tu maua ya Java. Alikusanya habari za wateja wanapenda nini, akarudisha kiwandani. Ndipo ukaja mchoro wa kiganja cha mkono chenye sarafu 12 katikati na vidole pembeni, na mchoro wa upanga wa kifalme. Upanga huo ulipofika Nigeria watu wakauona ni kizibuo cha chupa, wakauita hivyo. Kiwanda kilikusudia jambo moja, sokoni likasomwa lingine, na mauzo yakaendelea.

Mchoro una namba, soko lina jina

Helmond hawaviiti vitambaa vyao kwa majina. Wanavipa namba. Mchoro unatoka kiwandani ukiwa tarakimu kadhaa kwenye daftari, unapakiwa, unafika Accra, Lomé, Abidjan au Kinshasa, na hapo ndipo mwanamke mwenye meza sokoni anautazama na kuamua ni nini. Akikosea, mzigo unalala. Akipatia, mchoro unaweza kuchapwa kwa miaka sabini.

Chukua ule wa ndege anayetoka kwenye tundu lililo wazi. Kwa Kifaransa cha sokoni unaitwa "Ukitoka, nami natoka". Mke anaununua, anaushona, anapita nao sebuleni mume akiwa anajiandaa kwa safari zake za usiku. Hakuna neno lililosemwa, na hakuna anayeweza kusema hakuambiwa. Uko mwingine uitwao "Jicho la mke mwenzangu". Uko "Mume wangu anajiweza", ambao mtu huununua akitaka majirani wajue kwamba nyumbani kwake mambo si haba. Uko "Plagi sita", wenye plagi za gari: mwenye kuuvaa amefikia hadhi ya injini ya silinda 6, na wenye midomo mirefu wakaongeza kwamba silinda zenyewe ni wanaume. Ghana wana mchoro wa vishanga wenye msemo wa Kiakan kwamba shanga nzuri hazilii. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo. Sisi tuliufikia ukweli huohuo kwa kupitia debe tupu.

Ninaoupenda zaidi ni wa kuku. Katikati ya kitambaa amekaa mama kuku, mkubwa, amezungukwa na vifaranga na mayai. Jogoo je? Jogoo ni kichwa tu, kimewekwa pembeni. Hapa hata jina halina kazi kubwa.

Majina hayakomi. Ule mchoro wa mkoba ulipofika sokoni wakati Barack Obama ameingia Ikulu ya Marekani, wafanyabiashara waliuita "Mkoba wa Michelle Obama", na ukauzika. Mchoro mmoja unaweza kuwa na majina tofauti nchi kwa nchi: duara zenye vitone zinazopanuka kutoka katikati ni kisima cha maji kwa Ghana, na kwingineko ni sahani ya santuri. Na ule ambao dunia nzima sasa inauita dashiki, wenye shingo iliyopambwa kama kifua cha vazi la heshima la Kiethiopia, ulichorwa na Toon van de Manakker, mbunifu wa Vlisco, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakongo wakauita Ya Mado. Wamarekani weusi wakaupokea na kuuvaa kama tamko la asili yao. Mholanzi, Mhabeshi, Mkongo na Mmarekani ndani ya shati moja. Wanaotafuta asili safi wana kazi.

Tofauti na kanga iko hapo. Kanga inakuja na jina lake limeshachapwa, mnunuzi anachagua la kumtupia jirani. Kitenge cha wax kinakuja bubu na kinafundishwa kusema sokoni. Ndiyo maana mgeni anaweza kukinunua uwanja wa ndege, akakivaa harusini, bila kujua amemwambia bwana harusi kitu gani.

Wamama wa Lomé

Wafundishaji wakubwa kuliko wote walikuwa Nana Benz wa Togo. Sababu ya soko hilo kukua Lomé si ya kimapenzi, ni kodi. Baada ya uhuru, Ghana ilibana bidhaa za nje ili kulinda fedha za kigeni na viwanda vyake, wakati Togo iliacha mlango wazi kwa ushuru mdogo. Biashara ikavuka mpaka. Makampuni makubwa ya Kizungu, mojawapo United Africa Company iliyokuwa ya Unilever, yalileta mzigo wa Helmond bandarini, na wanawake wachache wa Lomé wakajihakikishia haki ya kuuza michoro fulani peke yao.

Haki hiyo ndiyo iliyokuwa mgodi. Mama aliyepewa mchoro aliwauzia wauzaji wa jumla kutoka Nigeria, Benin, Burkina Faso, hadi Kongo, na hakuna mwingine aliyekuwa nao. Kampuni ilimwonyesha karatasi za michoro kabla ya kuchapa, naye akasema huu utakwenda, huu haupiti, huu badilisheni nyekundu iwe ya kahawia kwa sababu wateja wangu wa kaskazini hawaitaki. Wengi wao hawakuwa wamesoma sana. Walitajirika kiasi kwamba Mercedes-Benz zao zilikuwa zikitumika na serikali kubebea wageni wa heshima wakati wa mikutano mikubwa, na hapo ndipo jina lilipotoka.

Hapa ndipo yale maswali mawili ya mwanzo yanapoachana. Kwa upande wa kuamua, wamama wa Lomé walikuwa na sauti kuliko mbunifu yeyote wa Helmond. Kwa upande wa kumiliki, hawakuwa na kitu. Hatimiliki ya mchoro ilikuwa ya kiwanda. Rola zilikuwa za kiwanda. Jina alilolitunga mama, lililofanya mchoro uuzike nusu karne, halikuandikwa popote kwa faida yake. Alichokuwa nacho ni mapatano na kampuni, na mapatano hudumu mpaka siku upande wenye nguvu utakapobadili mawazo.

Siku hiyo ilikuja Januari 1994. Faranga ya CFA, fedha ya Togo na nchi kadhaa za jirani, ilishushwa thamani kwa nusu mara moja, na kitambaa cha Uholanzi kikapanda bei maradufu mbele ya wateja ambao mishahara yao ilibaki palepale. Baada ya hapo kikaja kitambaa cha China, mwanzoni kibovu, kisha kizuri zaidi, kikiwa na michoro ileile kwa sehemu ndogo ya bei. Vlisco ilijibu kwa kufungua maduka yake yenyewe na kujitangaza kama chapa ya kifahari, yaani ikaanza kumwuzia mteja bila kumhitaji sana mama. Mabinti wa Nana Benz, waliobatizwa Nanettes, wakaona bora wapande ndege kwenda China wakaagize wenyewe. Januari 2013 soko kuu la Lomé likateketea kwa moto, mali ya wengi ikiwa haina bima.

Ghana ilijaribu njia nyingine. Tangu 2004 serikali ilihimiza watu wavae nguo za kitaifa siku za Ijumaa, na kikosi maalumu kikawa kinakamata na kuchoma vitambaa bandia kulinda viwanda vya ndani kama GTP ya Tema na kile cha Akosombo. Ila jiulize vinavyolindwa ni vya nani. GTP ni ya kundi la Vlisco, na cha Akosombo kinamilikiwa na kundi la Cha la Hong Kong, lililonunua pia chapa ya ABC ya Manchester. Mholanzi na Mchina waligombana sokoni Accra, na aliyechomewa mzigo ni mama muuzaji.

Na huku kwetu

Afrika Mashariki ilipitia njia yake. Tulikuwa na kanga kwanza, na kanga nayo ilichapwa ng'ambo, Uholanzi na Uingereza, baadaye India na Japani, kwa maelekezo ya wafanyabiashara wa hapa. Huko Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana pia kama Abdulla, aliagiza michoro na kuiwekea alama yake ya "Mali ya Abdulla", na kanga za jina hilo zinauzwa hadi leo. Kazi aliyoifanya haikuwa mbali na ya Nana Benz, isipokuwa yeye alihakikisha jina lake linachapwa kwenye kitambaa.

Baada ya uhuru Tanzania iliamua kuchapa yenyewe. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma zilijengwa karibu na pamba. Vitenge vya viwanda hivyo vilikuwa vya kuchapwa upande mmoja, imara, vilivyovisha kizazi kizima, vingine vikiwa na mwenge na picha za viongozi. Vya wax vilitujia zaidi kutoka magharibi, kupitia Kongo. Huko vinaitwa vikwembe, na Mobutu alipoleta siasa ya uhalisi miaka ya 1970 na kuwazuia wanawake suruali, kikwembe kilipanda kutoka vazi la heshima kuwa vazi la taifa. Hadi leo ukwe wa Kivu au Katanga ukitajwa bila vikwembe vya mama mkwe, mazungumzo hayajaanza.

Viwanda vyetu vilidhoofika, masoko yakafunguliwa miaka ya 1990, mitumba ikaingia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaweka kanga, kikoi na kitenge kwenye orodha ya bidhaa nyeti, kwa miaka mingi ushuru wake ukiwa asilimia 50. Nia ilikuwa kulinda kiwanda. Mahali ambapo kiwanda hakipo au hakitoshelezi, ushuru wa namna hiyo unalinda njia za panya. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipogoma Mei 2023, kodi ya vitenge ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao: mzigo uliokuwa ukiwaleta wateja wa Kongo na Zambia Dar es Salaam ulikuwa umehamia kwa majirani.

Hivi sasa mfanyabiashara wa Kariakoo anaenda Guangzhou au Keqiao, China, akiwa na picha kwenye simu. Anajua rangi gani inakwenda Lubumbashi na ipi inakwenda Lusaka, anajua kicheni pati za msimu huu zinataka nini, na anamwelekeza mchoraji wa Kichina palepale kwenye kompyuta. Ni kazi ileile ya Lomé. Tatizo nalo ni lilelile: akiondoka, kiwanda kinaweza kumchapia jirani yake wa mtaa uleule mchoro huohuo, na mara nyingi kinafanya hivyo.

Kisheria kuna mlango. Tanzania, Kenya na Uganda zimo kwenye Itifaki ya Harare ya ARIPO, shirika la miliki ubunifu la nchi kadhaa za Afrika, ya mwaka 1982, inayomruhusu mtu kusajili mchoro wa bidhaa kwa ombi moja na ukalindwa katika nchi kadhaa wanachama anazozitaja. Sharti ni kwamba mchoro uwe mpya, haujatangazwa hadharani. Mwenye kuusambaza kwanza kwenye magrupu ya WhatsApp ili apime wateja, halafu ndiyo aende kusajili, anaweza kukuta amechelewa. Na kinachosajiliwa ni sura ya mchoro tu. Jina utakaloupa wewe na wateja wako ni la kuombea peke yake, kama alama ya biashara, fomu nyingine na ada nyingine.